Vitanda Vilivyozidi

Biasha Masoudi alikuwa ameshalaumiwa kwa mengi katika biashara yake ya fanicha pale Nachingwea mjini. Aliwahi kuambiwa kabati lake linapiga kelele likifunguliwa, na meza yake imeinamia upande mmoja kama mzee anayeumwa kiuno. Lakini katika ofisi ya uhasibu ya Sekondari ya Wasichana Namkwezu, kule Ruangwa, alishtakiwa kosa ambalo hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Aliambiwa ametoa vingi.

"Vitanda vyako vimezidi, mama," alisema Teodosia, mhasibu wa shule, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti isiyopanda wala kushuka.

"Vimezidi nini?"

"Idadi. Hati ya ununuzi inasema vitanda sitini. Risiti yako inasema sitini. Kamati ya mapokezi imeingia bwenini, imehesabu sitini na vinne."

Biasha alicheka. Alicheka kwa moyo mweupe, kwa sababu alidhani anasifiwa. "Ah, hivyo vinne ni nyongeza, dada yangu. Mtu ananunua vitanda sitini, unamwachaje aondoke kavukavu? Ningejisikiaje mimi?"

Teodosia hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena.

Kwa Biasha, na kwa yeyote aliyekulia kwenye soko la Nachingwea, nyongeza si jambo la kukaa na kulitafakari. Muuza ufuta akishajaza debe hutia viganja viwili juu yake. Muuza muhogo hupachika kipande pembeni ya fungu. Asiyeongeza huitwa mchoyo, na jina hilo humtangulia kufika nyumbani kwake. Na nyongeza haitengenezwi ovyo. Mumewe Biasha, Hemedy, ambaye ndiye fundi mwenyewe, alivipiga msasa vile vitanda vinne mpaka vikawa laini kuliko vyote sitini.

"Sikiliza, mama," alisema Teodosia. "Serikali ikinunua kwako, inakata kodi ya zuio kabla haijakulipa. Shilingi mbili katika kila mia. Hilo unalijua."

"Nalijua. Kwani kwenye korosho hawakati?"

"Inakata kwa kufuata risiti. Kitu chochote kinachoingia hapa kutoka kwa mzabuni lazima kiwemo kwenye risiti. Hivi vinne havimo. Kesho mkaguzi akija ataniuliza, huyu mama ameuza vinne bila risiti akakwepa kodi? Au amewapa nyie watu wa ofisini mpate kumlipa haraka? Nimjibu nini?"

"Mjibu ni nyongeza."

"Kwenye mfumo hakuna mahali pa kuandika nyongeza."

Kwenye benchi la wanaosubiri walikuwapo wanaume wawili, mmoja muuza saruji na mwenzake muuza mchele. Muuza saruji alimnong'oneza mwenzake, lakini alinong'ona kwa sauti ya kusikika. "Hongo nimeziona nyingi, ila hongo ya kitanda ndiyo kwanza leo." Wakacheka puani. Biasha alihisi uso unamuwaka. Aliona aibu kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani mkononi, ilhali kuku mwenyewe alikuwa wake.

"Kwa hiyo hela?" aliuliza taratibu.

"Imesimama. Kamati haisaini mpaka idadi ilingane, na kamati isiposaini mimi silipi. Pole, mama."

* * *

Hela hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari, na hapo ndipo penye uchungu. Ili kununua mbao, Biasha alikuwa amechukua fedha kwa Mustafa, mfanyabiashara anayezunguka vijijini akinunua korosho zikiwa bado maua mtini, ile biashara ya kificho ambayo watu wa kusini huiita kangomba. Rehani ilikuwa shamba la mikorosho la Nambambo. Shamba lenyewe halikuwa la Biasha. Lilikuwa la mama yake, Bi Amna, ambaye aliachiwa na mama yake, naye aliachiwa na wa kwake. Makubaliano yalikuwa mafupi. Fedha ikirudi kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, shamba linarudi. Isiporudi, korosho zote za msimu ule ni za Mustafa, na kwa wingi wa maua ya mwaka ule, zilikuwa na thamani ya mara tatu ya deni.

Alipofika nyumbani alimkuta Bi Amna amekaa mkekani barazani, miguu ameinyoosha, kamba ya kufungia kuni ipo pembeni yake na kuni hazipo.

"Shikamoo, mama. Ulikwenda Nambambo?"

"Marahaba. Nilikwenda." Bi Amna alikuwa mtu wa Kimwera chake, Kiswahili alikitumia kwa kuchagua. "Kijana wa Mustafa kanikuta naokota vijiti. Kaniuliza, bibi, kakuruhusu nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambieje? Nikaviweka chini."

Biasha alikaa kwenye ukingo wa baraza. Alitamani kulia, lakini mbele ya mama yake aliona ni kumwongezea mzigo, akajikaza. Kutoka karakana ya nyuma ya nyumba sauti ya randa ilikoma, na Hemedy akatokea na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Wamelipa?"

"Hawajalipa. Tumezidisha."

"Tumezidisha nini?"

"Vitanda. Vile vinne. Wanasema havimo kwenye risiti. Wanasema labda tumekwepa kodi, labda tumehonga."

Hemedy alikuwa mtu wa maneno machache hata siku ya furaha. Alitazama mikono yake, mikono iliyovipiga msasa vitanda vile, na ilionekana wazi kwamba neno hilo la kuhonga limemchoma. "Nimewahonga kwa jasho langu," alisema, akarudi karakanani, na randa haikusikika tena jioni ile.

Kabla jua halijashuka Mustafa alifika kwa pikipiki yake nyekundu. Alikuwa kijana wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyokuwa inaudhi zaidi.

"Shikamoo, bibi. Mama Zuhra, habari za Ruangwa?"

"Nzuri," alisema Biasha, ambaye mji mzima ulimwita kwa jina la bintiye.

"Nimesikia mzigo wenu wameukataa."

"Hawajaukataa. Kuna hesabu inawekwa sawa."

"Sawa. Mimi wala sina haraka, ila mabibo kule yameshaanza kuiva. Salfa ya kuua ukungu wa mikorosho nimepuliza kwa hela yangu, na wiki ijayo naweka akina mama wa kufagia chini ya miti." Akashusha sauti kama anayesaidia. "Au tufanye hivi. Msimu huu niachieni, na ujao niachieni, mimi nawaongezea kidogo cha mkononi sasa hivi. Mtapumua."

Bi Amna alikuwa anatazama chini. Biasha alijua mama yake hawezi kusema hapana, kwa kuwa fedha aliila mwanawe, na hawezi kusema ndiyo, kwa kuwa miti ni ya mama zake. Aliona hasira, na hasira hiyo hakujua aielekeze kwa Mustafa au kwake mwenyewe.

"Nenda, Mustafa," alisema. "Mnada haujaanza bado."

* * *

Asubuhi alikwenda kwa Halfani, mwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi. Halfani ndiye aliyewajazia watu zabuni kwenye mfumo wa manunuzi wa serikali kwa malipo kidogo, na kwa kuwa alijua kubonyeza, mji mzima ulidhani anajua na sheria.

"Nilikwambia, Mama Zuhra," alianza, na mtu akianza hivyo ujue msaada uko mbali. "Nilikwambia serikali inalipa VAT, ongeza kumi na nane kwa mia kwenye bei. Ukakataa."

"Mimi sijasajiliwa VAT, Halfani. Ningeitoza halafu niipeleke wapi?"

"Usingeipeleka popote. Ndiyo faida yenyewe." Akacheka. "Haya, yaliyopita yamepita. Sasa nenda kavitoe hivyo vinne kimyakimya, idadi ilingane, ulipwe. Mimi nina ndugu yangu anajenga gesti, nitavichukua kwa nusu bei. Ila risiti usikate, tusiwape watu kazi."

Biasha alimtazama. Jana alikuwa ameitwa mkwepa kodi bila kukwepa, na leo anashauriwa akwepe ili asiitwe. Kichwa kilimuuma kwa mzunguko huo. Kumuuzia Halfani hakukubali. Lakini neno la kuvitoa lilimwingia, kwa sababu alikuwa amebanwa, na mtu aliyebanwa hukubali nusu ya ushauri mbaya.

Hemedy aliposikia alikataa kwa kichwa. Kurudia kitu ulichokwisha kuongeza, kwao, ni kujitangaza huna haya. Hata wanaogombana mahakamani hawadaiani nyongeza.

"Mama alinyang'anywa kuni kwenye shamba lake," Biasha alimwambia. "Haya ninayo, Hemedy. Ila nitaimeza."

Akakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wakaondoka.

* * *

Mwalimu Gaudensia, mkuu wa shule, aliwapokea vizuri, akawatilia chai, akasikiliza. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu, lakini waliposema wamekuja kuchukua vitanda kicheko hicho kilikwenda zake.

"Twendeni mkaone kwanza," alisema.

Bweni lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, madirisha wazi, na vitanda vya dabo deka vimepangwa safu mbili. Vile vinne vilikuwa mwisho kabisa, na Hemedy alivitambua akiwa bado mlangoni. Vilishatandikwa. Kwenye kimoja mwanafunzi alikuwa ametundika kanga ya mama yake kama pazia.

"Kabla ya hivi, wanane walikuwa wanalala chini," alisema Mwalimu Gaudensia. "Lakini si hilo tu linalonizuia. Mali ikishaingia bwenini haitoki bila kibali. Mlinzi getini ana amri yangu mwenyewe. Nikiwaruhusu mtoke na vitanda vinne kwenye kirikuu, mzazi mmoja tu akapiga picha, kesho mimi ndiye niliyeuza vitanda vya shule."

"Lakini mwalimu, mhasibu amesema hamwezi kuvipokea," alisema Biasha.

"Kweli. Siwezi kuvipokea."

"Na kuvitoa?"

"Siwezi kuvitoa."

Wakasimama pale katikati ya bweni. Ndipo Hemedy, ambaye tangu Nachingwea hakuwa amesema neno zaidi ya kumwelekeza dereva, akauliza kwa upole kabisa. "Sasa mwalimu, hivi vitanda ni vya nani?"

Kicheko cha Mwalimu Gaudensia kikarudi chenyewe, akacheka mpaka akashika chuma cha dirisha, na Biasha akajikuta anacheka naye huku machozi yanamtoka, ya kucheka na yale mengine aliyoyazuia barazani.

"Kamati inakaa kesho," mwalimu alisema akijifuta. "Njooni mjieleze wenyewe. Mimi siahidi kitu. Ila mjieleze."

* * *

Kamati ilikaa kwenye darasa la kidato cha kwanza, wajumbe wamejibana kwenye madawati ya wanafunzi. Walikuwapo Teodosia, walimu wawili, na mwakilishi wa wazazi, Mzee Ramadhan, mkulima wa ufuta aliyevaa kofia safi kwa heshima ya kikao. Mwalimu Gaudensia alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Biasha alisimama mbele, karibu na ubao. Hemedy alibaki mlangoni.

"Hili si jambo la kutupotezea siku," alisema mwalimu mmoja kijana. "Tuandike ni zawadi, tumshukuru mama, yaishe."

"Tukiandika zawadi tumejifunga wenyewe," alijibu Teodosia. "Mzabuni hatoi zawadi kwa ofisi ambayo bado haijamlipa. Hiyo ina jina lake, na jina lake unalijua."

"Basi tuandike ameuza."

"Ameuza kwa risiti ipi? Na kwa bajeti ipi? Hatuna hela ya kitanda cha sitini na moja."

Harufu ya mahindi ya kuchoma nje ya uzio ilifika mpaka ndani. Biasha aliwasikiliza wakimgawa vipande, huku mkwepa kodi, huku mtoa hongo, huku mfadhili, na hakuna kipande hata kimoja kilichofanana naye. Hapo uvumilivu wake ulifika mwisho.

"Naomba kusema," alisema.

"Sema, mama."

"Mimi sikutoa zawadi. Zawadi naijua, natoa kwenye harusi na kwa mzazi aliyejifungua. Hapa niliuza. Mnafikiri vile vinne vilitokana na mbao zilizobaki? Hemedy alinunua mbao za vitanda sitini na vinne siku ileile, nilipowaandikia bei nilishavihesabu. Kwangu mimi ukinunua vitanda kumi na tano, cha kumi na sita unapata juu yake. Ninyi mmenunua sitini. Haya, pigeni hesabu."

Mzee Ramadhan alihesabu kwa vidole, akaishia vinne, akatabasamu.

Teodosia aliacha kuandika. "Unampa kila mtu? Au ni sisi tu?"

"Kila mtu. Mwenye madrasa kule Kiegei nimempa. Nasma mwenye gesti nimempa. Serikali ni mteja kama wateja wengine, niinyime kwa sababu gani? Kwa kuwa ina muhuri?"

Wajumbe walicheka, hata mwalimu kijana. Teodosia peke yake hakucheka, lakini aliinama mbele. "Una namba ya huyo Nasma?"

Simu ikapigwa mbele ya kamati, sauti ikawekwa kubwa. Ililia, ikalia. Hatimaye mtu akapokea, na nyuma yake redio ilikuwa inaimba.

"Nasma, ni mie Biasha. Niko na wakubwa hapa. Wanataka kukuuliza kuhusu vitanda."

"Habari yako, dada," alisema Teodosia. "Ulinunua vitanda vingapi kwa huyu mama?"

"Kumi na tano."

"Na ulipata vingapi?"

Nasma alijibu kwa tahadhari, kama anayenusa hatari. "Kumi na sita. Cha kumi na sita kipo chumba cha mwisho. Kwani anakitaka? Mwambieni sikitoi, ng'o. Mimi nilinunua vingi, ni haki yangu ile."

Darasa zima lilicheka, na safari hii Teodosia naye alicheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye hakukipanga.

"Mmesikia," alisema alipokata simu. "Amesema haki yangu. Basi hii si zawadi, na wala si hongo. Ni punguzo la bei kwa anayenunua vingi. Punguzo lina mahali pake kwenye risiti, tangu zamani." Akamgeukia Biasha, na sauti yake isiyopanda wala kushuka sasa ilikuwa imelainika. "Ulitakiwa uandike vitanda sitini na vinne, uonyeshe punguzo, jumla ibaki ileile. Kodi ya zuio ningekata kwenye jumla ileile. Kosa lako ni kwamba ulifanya jambo jema ukaliandika nusu."

"Sikujua kama linaandikwa," alisema Biasha. "Kwetu tunaongeza tu."

"Sasa utaongeza na kuandika. Nenda ofisi ya kodi hapo kwenu Nachingwea, ueleze risiti ya kwanza ifutwe kwa utaratibu, ukate nyingine. Mimi naandika maombi hati ya ununuzi irekebishwe, idadi ipande na fedha isipande."

"Na huko juu wakikataa?" aliuliza mwalimu kijana.

Teodosia alimtazama juu ya miwani. "Wakatae kupata vitanda vinne bila kuongeza hata senti? Waache waje hapa wawaambie wale wasichana wanane warudi chini. Nitawapangia na ratiba."

Mzee Ramadhan alisimama kabla kikao hakijafungwa, akaenda mpaka mlangoni, akampa Hemedy mkono. "Mjukuu wangu analala kwenye kimojawapo," alimwambia. "Kitanda hakina hata kijiti cha kumchoma. Ahsante, fundi." Hemedy alikaza macho kwenye bawaba ya mlango kana kwamba ameombwa kuirekebisha.

* * *

Katika ofisi ya kodi, Biasha alieleza habari yake mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ofisa hakuamini.

"Ngoja nielewe, mama," alisema. "Watu wanakuja hapa wanataka risiti isomeke vitu vichache. Wewe umekuja isomeke vingi."

"Ndiyo, baba."

"Na fedha haiongezeki."

"Haiongezeki."

Ofisa alimwita mwenzake wa meza ya pili aje asikie. Wakamwuliza maswali ya kweli, wakatazama maelezo ya kamati, wakampa na onyo la kweli, kwamba mashine ya risiti si pambo na kila anachotoa dukani kiandikwe, hata kile anachokitoa kwa furaha. Kisha risiti ya kwanza ikafutwa. Mpya ilitoka ndefu, ina vitanda sitini na vinne, ina punguzo, na jumla ileile. Biasha aliitazama barabarani akasikia fahari ambayo hakuitarajia. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa imeandika ukarimu wake kwa mashine.

Lakini risiti si hela. Siku zilikwenda. Redio ilitangaza tarehe ya mnada wa kwanza, na jirani mmoja, ambaye hakuwa na ubaya, alipita barazani akasema amewaona akina mama wa Mustafa wanakwenda Nambambo na mifagio. Bi Amna aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake mchana kweupe. Biasha aliusikia mlango ule ukifungwa. Alishika simu akafikiria kumpigia Teodosia kwa mara nyingine, akaona haya, akaiweka. Akaichukua tena akapiga.

"Mama Zuhra, nilikuwa nakutafuta," alisema Teodosia. "Wamepitisha. Malipo nimetuma asubuhi. Nenda benki, na cheti chako cha kodi ya zuio kipo kwangu, usikisahau, kitakusaidia kwenye hesabu zako za mwaka."

Biasha hakukumbuka kama aliaga. Aliusukuma mlango wa mama yake bila kubisha.

"Mama, vaa viatu. Twende benki, halafu twende Nambambo."

Bi Amna alikaa kitandani akamtazama usoni. "Wamekata kiasi gani?"

"Mbili katika kila mia."

"Tu?" alisema mzee yule ambaye kila mwaka aliona korosho zake zikikatwa huku na huku mpaka akachoka kuuliza. "Hao wana adabu." Na akaanza kutafuta viatu vyake.

* * *

Mustafa alikuwa amesimama chini ya mikorosho, pikipiki imeegemezwa kwenye shina, akiwaelekeza akina mama wa kufagia. Mabibo mekundu na ya njano yalining'inia juu yake. Alipoona watu watatu wanakuja, Bi Amna mbele, Biasha na Hemedy nyuma yake, alielewa kabla hajaambiwa, na adabu yake ikapungua kidogo.

"Mnada ni kesho kutwa," alisema.

"Ndiyo," alisema Biasha. "Leo si kesho kutwa." Akamhesabia fedha mkononi, mbele ya wale akina mama, yote aliyoichukua na faida waliyopatana.

Mustafa alihesabu tena, akatafuta kasoro, akaikosa. "Na salfa yangu? Na mafuta ya kupulizia? Hayo hayakuwa kwenye makubaliano."

"Hayakuwa. Lakini imeingia kwenye miti yetu, na sisi hatuli cha mtu. Nakulipa sasa hivi." Biasha alifungua tena pochi. "Nikatie risiti."

"Risiti ya nini tena, Mama Zuhra?"

"Ya salfa. Umeniuzia. Nina hesabu za mwaka mimi."

Mustafa, ambaye biashara yake yote haikuwahi kuonana na mashine ya risiti, na ambaye kwa kazi yake ile hakutaka ofisi yoyote ilijue jina lake, alimtazama kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Akina mama walianza kuzibana kanga zao midomoni. Hatimaye alizitia fedha zake mfukoni, akasema salfa amesamehe, akawasha pikipiki. Biasha hakumcheka. Alimwacha aende.

Wale akina mama walibaki na mifagio yao, hawajui wafanye nini. Aliyewaajiri ameondoka, na ujira wao wa siku ameondoka nao. Mmoja, mkubwa wao, alianza kufunga mfagio wake kwa kitambaa.

"Mbona mnaacha?" aliuliza Bi Amna.

"Mwenye kazi kaondoka, bibi."

Bi Amna aliingia kati ya miti. Aligusa shina la kwanza, akalitaja kwa jina la aliyelipanda, bibi yake. Akagusa la pili, akataja mama yake. Sauti yake ilikuwa ya juu, ya mtu anayeita nyumbani kwake. Hemedy alikuwa ameshavua shati, ameokota mfagio ulioachwa. Biasha alisimama akimtazama mama yake akipita mti kwa mti, na alilia waziwazi, bila kujificha kwa mtu.

Bi Amna alipofika katikati ya shamba aligeuka, akawaonyesha akina mama kwa mkono wake wote.

"Fagieni mpaka kule mwisho," alisema. "Jioni mtanifuata mimi niwalipe. Mimi ndiye mwenye shamba."